Seti mpya ya gofu, simtanki la mama na fimbo za binti

Kila nyumba ina mtu mwenye kitu anachokitamani ambacho wenzake hawakioni maana. Kuna baba anayetaka spika kubwa sebuleni, kuna mama anayetaka vyombo vya kabatini vitakavyotumika mara mbili kwa mwaka wageni wakija, kuna kijana anayetaka raba za bei mbaya. Kwetu mtu huyo ni mimi, na kitu chenyewe ni seti mpya ya fimbo za gofu.

Najua wengi mkisikia gofu mnafikiria vigogo na magari makubwa. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Nikiwa darasa la sita nilikuwa nabeba mifuko ya wachezaji siku za mwisho wa wiki ili nipate hela ya madaftari, na jioni wakubwa wakishaondoka tunapiga mipira iliyookotwa vichakani. Wachezaji wengi wazuri wa nchi hii wamepitia njia hiyohiyo. Leo ni mhasibu wa kawaida hapa Dar es Salaam, nacheza Jumamosi asubuhi, na seti yangu niliinunua mwaka 2011, ikiwa imeshatumika, kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao.

Kwa asiyeujua mchezo huu, sheria zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14. Kundi kubwa katika hizo ni fimbo za vichwa vya chuma, wenyewe tunaziita aironi. Zina namba, kuanzia nne au tano hadi tisa, kisha zinafuata zile za kupigia mpira wa karibu. Namba ikiwa ndogo, uso wa fimbo umesimama zaidi na mpira unakwenda mbali. Namba ikiwa kubwa, uso umelala, mpira unapanda juu na kutua karibu.

Basi mwaka huu kampuni iliyotengeneza fimbo zangu ikatoa seti mpya. Rafiki yangu mmoja akawa wa kwanza kuagiza. Picha zikaanza kutembea kwenye kundi letu la WhatsApp, na kila mtu akawa mtaalamu. Seti za namna hiyo Marekani huanzia kama dola 1,000 na kupanda. Nilipoweka usafiri na ushuru, hesabu yangu ilifika Sh3.8 milioni.

Fedha zilikuwepo. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeweka akiba ya Sh4 milioni kwa miezi 14. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia, maana usipokuwa na fedha uamuzi unajifanya wenyewe.

Akiba hiyo haikuwa na jina. Tuliiita tu "ya nyumba". Lakini kila mmoja wetu alikuwa na lake moyoni. Mke wangu alikuwa na miaka miwili anazungumzia simtanki la lita 5,000, kwa sababu mtaani kwetu maji ya bomba yanatoka yanapotaka, na siku yasipotoka yeye ndiye anayeamka saa kumi usiku kusikilizia bomba, au anapiga simu za kutafuta boza. Binti yetu wa miaka 13 naye ameanza kunifuata uwanjani na anapenda kweli. Anapigia fimbo mbili za watu wazima zilizokatwa mpini ziwe fupi.

Jumapili moja baada ya chakula nikalifungua suala. Sikuanza na mimi, nilianza na mtoto. Nikasema nikinunua seti mpya, hii ya zamani itakuwa ya binti, kwa hiyo kwa bei moja tunapata wachezaji wawili. Mke wangu hakupinga. Aliuliza swali moja tu.

"Baba watoto, hizo za zamani umeshampa akazijaribu?"

Nikasema bado.

"Basi tusimseme mtoto kabla hajasema mwenyewe."

Nakiri kwamba wazazi wengi tunaujua mtindo huu. Televisheni kubwa tunasema ni ya watoto waangalie vipindi vya elimu. Gari tunasema ni la kuwapeleka shule. Wakati mwingine ni kweli kabisa. Wakati mwingine tumemvalisha mtoto tamaa yetu, kisha tunamwonyesha kwa mwenzetu tuone kama atakataa. Mke wangu hakuniita mchoyo wala hakunituhumu. Alichotaka ni kwamba kila hitaji lipimwe kwa jina la mwenye nalo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na binti, na rafiki yangu akaja na seti yake mpya. Tulikaa kwenye eneo la mazoezi na daftari.

Tulianza na binti. Akapiga mipira kumi kwa aironi yangu namba saba. Miwili ilipanda, iliyobaki ikatambaa ardhini. "Nzito, baba," akasema, na mikono ilikuwa imeanza kumuuma. Mwalimu wa gofu aliyekuwa karibu akatueleza sababu. Mpini wa chuma wa mtu mzima, kama wangu, una uzito wa gramu 120 hivi, na mipini ya vijana inaweza kuwa nusu ya hapo. Kuukata hakusaidii sana, kwani kichwa kinabaki na uzito uleule na mpini ukiwa mfupi unazidi kuwa mgumu. Mtoto anayejifunza kwa fimbo nzito hujifunza kuirusha kwa mabega na mgongo, na kumwondolea tabia hiyo baadaye ni kazi. Akampa fimbo nyepesi ya vijana ya namba hiyohiyo. Mipira sita kati ya kumi ikapanda.

Hoja ya urithi ikaishia hapo.

Ikaja zamu yangu. Nikapiga mipira 20 kwa saba yangu na 20 kwa saba mpya. Mpya iliupeleka mpira mbali zaidi, kwa wastani kama mita 13. Moyo ulinidunda, siwezi kuficha. Lakini mimi ni mhasibu, na mhasibu akiona faida kubwa ghafla huangalia kama mtu hajabadilisha namna ya kuhesabu. Tukatafuta vipimo vya fimbo zote mbili. Uso wa saba yangu umelala kwa digrii 35. Ya rafiki yangu ni digrii 29. Nikachukua sita yangu, ambayo ni digrii 31, nikapiga nyingine 20. Tofauti na saba mpya ikashuka hadi mita nne.

Hilo si jambo la kampuni moja. Miaka ya 1980 aironi namba saba ilikuwa karibu digrii 35 kwa kawaida. Seti nyingi za sasa zinazolenga wachezaji wa kawaida zina saba ya digrii kati ya 28 na 30, na mipini imerefushwa kidogo. Yaani saba ya leo inakaribia tano ya wakati ule, ila imeandikwa namba nyingine chini. Mtu akikwambia saba yake mpya inakwenda mbali, anasema kweli, ila muulize kwanza ni saba ya digrii ngapi.

Haki nayo isemwe. Fimbo mpya zina uzuri wake. Uzito umewekwa chini ya kichwa, kwa hiyo mpira unapanda vizuri ingawa uso umesimama. Na nilipougonga mpira pembeni, siyo katikati ya uso, saba mpya haikuniadhibu kama yangu. Mpira uliobebwa vibaya bado ulifika karibu na ulipotakiwa. Kwa mchezaji wa kiwango changu hilo lina thamani.

Lakini hata wazo hilo si la mwaka huu. Mtu aliyelieneza zaidi ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyelelewa Marekani. Aliwahi kuwa fundi viatu kabla ya kuwa mhandisi, na gofu aliianza akiwa na miaka 42. Fimbo ya kusukumia mpira shimoni ilimshinda, akatengeneza ya kwake kwenye gereji ya nyumbani mwaka 1959, ikawa mwanzo wa kampuni ya Ping. Aligundua kwamba uzito ukisambazwa kwenye kingo za kichwa, fimbo haipindi kirahisi ukikosea kuugonga mpira. Aironi zake za Ping Eye2 zilitoka mwaka 1982, na hadi leo wapo watu wanaozitumia na kushinda vikombe vya klabu zao. Mke wangu alipenda kipande kimoja cha habari hiyo: fimbo ya Solheim iliyopata sifa zaidi, Anser ya mwaka 1966, jina lake lilikuwa refu mno kuandikwa juu yake, na mkewe, Louise, ndiye aliyeshauri herufi moja iondolewe. "Unaona? Alimshirikisha mkewe," akaniambia.

Jioni ile nilichukua kadi zangu za raundi tatu za mwisho. Kwa wastani nilipiga mikwaju 92. Kati ya hiyo, 37 ilikuwa ya kusukuma mpira nikiwa tayari karibu na shimo, na mingine 20 ilikuwa ndani ya mita 80. Aironi za kati, zile ambazo seti mpya ingezibadilisha, nilizitumia mara 16 tu kwa raundi. Hata zikinipunguzia mikwaju miwili, ambayo ni mingi, ningekuwa nimelipa Sh1.9 milioni kwa kila mkwaju. Kujizoeza kusukuma mpira nusu saa kila Jumamosi kabla ya kuanza ni bure.

Tulikaa tena mezani, safari hii watatu, binti akiwepo. Niliandika mambo matatu kwenye karatasi na kila moja tuliliuliza maswali mawili: likisubiri mwaka mmoja, nani ataumia? Na je, kuna njia ya bei ndogo inayofikia sehemu kubwa ya lengo?

Simtanki likisubiri, mke wangu ataamka saa kumi usiku kwa mwaka wa tatu. Njia ya bei ndogo haipo, ndoo tunazo tayari. Fimbo za binti zikisubiri, atajifunza vibaya au atakata tamaa, na miaka 13 haimsubiri mtu. Njia ya bei ndogo ipo: hahitaji seti, anahitaji fimbo nne nyepesi, na zilizotumika zinapatikana kwa wazazi ambao watoto wao wamerefuka. Seti yangu ikisubiri, hakuna anayeumia. Na njia ya bei ndogo ipo: mipira ya mshikio ilikuwa imekauka na kuteleza, ikibadilishwa fimbo zinashikika kama mpya.

Tukagawa hivi. Simtanki pamoja na msingi wake na fundi bomba, Sh1.4 milioni. Fimbo nne za binti na vipindi sita vya mwalimu, Sh700,000. Mishikio yangu minane, Sh160,000. Kilichobaki kimerudi kwenye akiba, na mara hii tumeipa jina, ni ya ada ya Januari.

Halafu mke wangu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Na wewe weka kibubu chako. Usiwe mtu wa kutaka kitu halafu unajifanya hutaki." Tukakubaliana Sh60,000 kwa mwezi, yangu, haihojiwi. Kampuni za gofu hutoa toleo jipya kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na likitoka jipya, lile lililotangulia hushuka bei. Kufikia hapo nitakuwa na sehemu nzuri ya fedha, na nitaipima tena kwa daftari lilelile. Huenda nikanunua. Huenda nikagundua sita yangu bado inatosha. Vyovyote itakavyokuwa, itakuwa fedha ya fimbo, siyo fedha ya maji.

Niwaambie wazazi wenzangu, hasa sisi akina baba wenye michezo yetu, iwe gofu, pikipiki, kamera au uvuvi. Kutaka kitu kizuri si dhambi, na nyumba ambayo mzazi haruhusiwi kutaka kitu haina raha. Ila kitake kwa jina lako. Kijaribu kabla ya kukilipia, na ukikuta ni bora, uliza ni bora kwa kiasi gani na kwa kipimo kipi. Kisha kiweke mezani kando ya mahitaji ya wenzako, muangalie nani ataumia kikisubiri.

Binti sasa anaupeleka mpira mita 90 kwa saba yake, na ameanza kuniuliza ya kwangu ni ya digrii ngapi. Mke wangu analala hadi saa kumi na moja na nusu. Na mimi picha za seti ile bado naziangalia usiku mara mojamoja, sikatai. Sh60,000 ya kwanza imeshaingia kwenye kibubu.