Shimo Lenye Maji

Wakati lami inasogea kuelekea Ushirombo, nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na sina kazi. Walikuja wataalamu wawili na gari lao, wakataka mtu wa kubeba vigingi, kushika utepe wa kupimia na kuwatafsiria Kisukuma na Kisumbwa. Nikakipata kibarua hicho. Siku hizo tulikuwa bado watu wa Mkoa wa Shinyanga. Geita ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Hapana mtu kijijini aliyeipinga barabara ile. Ni njia ya malori yatokayo bandari kavu ya Isaka kwenda Rusumo, na kutoka hapo Rwanda na Burundi. Lakini sisi hatukuwa na habari na Rwanda. Sisi tulikumbuka masika, lori likikwama siku mbili kwenye tope na mgonjwa yumo ndani. Mama mmoja jirani yetu alijifungulia humo humo, juu ya magunia ya pamba. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba tuta la barabara litapita juu ya kipande cha mbuga yetu, tulisema lipite.

Msomaji asiyetoka kwetu asidhani kwamba mbuga ninayoisema ni ya simba na twiga. Kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Humo tunalima mpunga katika majaruba, tunakata nyasi za kuezekea, tunavua kambare na kamongo, na wanawake wanachimba udongo wa vyungu. Kiangazi, malisho yakishakauka kote, ng'ombe huenda huko.

Masharti ya mradi yalitaka kipande kitakachofukiwa kifidiwe kwa kutafuta mahali pengine pa kutengeneza bonde la maji la kiasi hicho hicho. Tulizunguka wiki nzima, tukabaki na mahali patatu. Pa kwanza palikuwa shimo ambalo mkandarasi alichimba changarawe. Lilikuwa kando ya barabara, halina mwenyewe, na lilikwisha jaa maji ya mvua. Pa pili ni bonde zuri lenye chemchemi, ila lilikuwa na majaruba ya akina mama wapatao kumi, mmoja wao shangazi yangu. Pa tatu ni mbuga ya zamani upande wa chini, iliyokuwa imejaa mchanga kwa sababu ya njia za ng'ombe na makorongo. Hapo ingetakiwa kuziba makorongo, kuwazuia ng'ombe, na kungoja miaka.

Jioni mmoja wa wataalamu aliniuliza, "Wewe ni mwenyeji. Lipi ungechagua?"

Nikajibu, "Shimo."

Mzee aliyekuwa akituonyesha njia alitikisa kichwa. Aliniambia kwa Kisumbwa, nami sikuwatafsiria, "Mjukuu wangu, humo maji yametuama tu. Hayakutoka popote na hayaendi popote."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuyatafsiri maneno yale. Nilijiambia kwamba ninawalinda akina mama, na kwa sehemu ilikuwa kweli: kumfukuza shangazi yangu kwenye mpunga wake ili kufidia bonde lingine ingekuwa dhuluma. Lakini mahali pa tatu hapakuwa na mpunga wa mtu. Nilipanyamazia kwa kuwa pangeleta mikutano, ugomvi na wafugaji, na kazi isiyoisha. Nilitaka jibu ambalo halitamgharimu mtu kitu. Shimo likaandikwa.

Yule mzee alijua mwenendo wa maji ya kwetu. Maji ya upande wetu wa kusini hushuka hadi mabonde ya Kigosi na Moyowosi, yakaingia mto Malagarasi na mwisho Ziwa Tanganyika. Eneo la Malagarasi na Muyovozi liliorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza katika Tanzania. Mbuga ya kijiji ni kama kidole cha mkono huo. Huhifadhi maji ya masika na kuyaachia polepole kiangazi, na matope na mchanga hubaki njiani. Shimo la changarawe halifanyi hata moja kati ya hayo.

Baadaye nilisoma kwamba hata wenye fedha nyingi walijikwaa hapo hapo. Marekani walikuwa wamejiwekea lengo la kutopoteza ardhioevu kwa jumla: ukifukia hapa, tengeneza kule. Mwaka 2001 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la huko ilitoa taarifa kwamba lengo hilo halijafikiwa. Mengine ya mabonde yaliyoahidiwa hayakutengenezwa, na mengine yaliyotengenezwa hayakufanya kazi ya yale yaliyofukiwa. Ndiyo maana kanuni yao yenyewe hutaka kwanza kukwepa, pili kupunguza madhara, na kufidia kuwe kwa mwisho.

Kwetu iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayodai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Sheria ni njema, lakini mtathmini atakuja na gari, akae wiki moja, na kumuuliza kijana mwenye vigingi. Wakati wa kulipa fidia tuliona mabati na miembe ikihesabiwa mmoja mmoja, nayo ni haki. Kilichokuwa cha wote, yaani maji, nyasi na udongo wa vyungu, hakikuwa na mtu wa kukisemea. Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi hiyo.

Shimo lipo mpaka leo. Kingo zake zimesimama wima, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, hakuna matete wala mafunjo. Ndama walitumbukia humo, na kila mama wa kule huwakataza watoto kwenda.

Mahali pa tatu, wafugaji wenyewe walikuja kukubaliana kupafunga kuwa ngitiri, desturi ya zamani ya Wasukuma ya kutenga malisho, ambayo mradi wa HASHI uliifufua mkoani Shinyanga kuanzia mwaka 1986. Mikutano ilikuwa mingi na ugomvi ulikuwapo, kama nilivyoogopa. Yule mzee alikuwa amekwisha fariki. Katika mkutano wa kwanza nilisimama, nikayasema maneno yake kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, nikaeleza pia ni lini nilipaswa kuyasema.

Masika yaliyopita nilipita huko. Maji yalikuwa ya kifundoni tu, lakini nilipotupa jani lilikuwa likienda.