Posho ya Mwanagenzi wa Lori

Katika vijiji vyetu vya Rungwe lori lina heshima kubwa. Ndilo lichukualo mikungu yetu ya ndizi na magunia ya viazi, nalo ndilo lituleteealo chumvi, sabuni na mabati. Kwa hiyo kijana akionekana juu ya lori, watu husema, "Huyu amekwisha kupata kazi." Neno hilo si kweli kamili. Amepata mahali pa kujifunza kazi, na kati ya mambo hayo mawili kuna njaa ya miezi mingi. Twaijua njaa hiyo, maana ilipita katika nyumba yetu wenyewe. Nasi twaandika haya ili yawafae wazee wenye vijana wanaoutamani usukani.

Marehemu kaka yetu aliacha mtoto mmoja wa kiume, naye tulimlea hapa Kisiba pamoja na watoto wetu. Alipomaliza kidato cha nne hakupata nafasi ya kuendelea na masomo. Akatuambia, "Baba mdogo, mimi nataka kujifunza lori." Mwaka wa 2022 akapata nafasi ya utingo, yaani yule ambaye wazee wetu walimwita taniboi, katika lori lichukualo ndizi kutoka Tukuyu mpaka Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 800.

Wasiojua hudhani kwamba utingo ni mbeba mizigo tu. Huyu ndiye afungaye turubai, ndiye awekaye kigingi nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani, ndiye abadiliye tairi usiku wa mvua. Asubuhi hutoa maji katika matangi ya upepo wa breki. Usiku hulala juu ya shehena ili wezi wasiikaribie. Humo ndimo ilimo shule yake. Pale Kitonga, katika mkoa wa Iringa, mwana wetu alifundishwa kwamba gari zito hushushwa kwa gia ndogo, injini ikilizuia, maana breki ikikanyagwa pasipo kupumzishwa hupata moto na mwisho hukataa kushika. Elimu hiyo ni ya thamani, wala hatuidharau hata kidogo.

Basi, malipo yake yalikuwaje? Mwenye gari hakumlipa kitu. Dereva ndiye aliyempa shilingi 7,000 kila siku ya safari, akizitoa katika fedha zake za njiani. Na gari likilala, utingo hapati hata senti. Kwa mwezi alisafiri kama siku 15, ndiyo shilingi 105,000. Kula kwake katika mikahawa ya njiani kulikuwa shilingi 5,000 kwa siku, ndizo 75,000. Zilizobaki ni 30,000 tu, nazo ni za sabuni, nauli na viatu.

Tulipoziandika hesabu hizi katika daftari, tuliona wazi kwamba kijana hawezi kuvumilia kwa maneno ya kutiwa moyo peke yake. Tukamwuliza, "Utajifunza mpaka lini?" Akajibu, "Mpaka dereva atakaponiona nimeiva." Jibu hilo lilitutia hofu kuliko uchache wa fedha. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Rungwe walikwenda Lupa, katika nchi ya Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Siku hizo katika Tanganyika palikuwa na kazi ya kipande: mtu alipewa kadi, na siku 30 za kazi zikitimia alistahili mshahara wake. Dhiki ya kipande ilikuwa nyingi, tena ujira ulikuwa mdogo; lakini siku zilihesabika. Mwanagenzi wa lori hana kadi wala hesabu. Kuna watu waliokuwa utingo miaka saba, wakazeeka katika kujifunza.

Kwa sababu hiyo tulikaa baraza ya jamaa, tukaweka kikomo. Ada ya shule ya udereva pamoja na gharama za leseni tulizikadiria kuwa shilingi 400,000. Tukasema: atatia shilingi 40,000 kila mwezi katika chama chetu cha kuweka akiba, na miezi kumi ikitimia atakwenda kusoma, awe ameiva au hajaiva machoni pa dereva.

Lakini mtu aliyebakiwa na 30,000 atawekaje 40,000? Hapo mwana wetu mwenyewe alipata shauri. Alishirikiana na utingo wa lori jingine la safari ile ile, wakanunua jiko dogo la mkaa na sufuria moja. Alichukua unga, maharagwe na ndizi kutoka nyumbani, wakapika kando ya gari kila waliposimama. Gharama ya chakula ikashuka kutoka shilingi 5,000 hata 2,500 kwa siku, na masalio ya mwezi yakawa 67,500. Haba na haba hujaza kibaba.

Adui wa pili alikuwa mgumu zaidi, maana alikuwa sisi jamaa. Mtu wa gari huhesabiwa kuwa tajiri. Kila aliposhuka Tukuyu alikuta salamu zinamngoja: huyu ataka nauli, huyu ana msiba, huyu ataka kitambaa cha Dar es Salaam. Hata mama yake alilalamika, akasema, "Mwanangu yuko kwenye gari, nami nikose chumvi?" Tulimfungulia shemeji yetu lile daftari, tukamsomea hesabu moja moja. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ndaga. Nitauza ndizi zangu mwenyewe mpaka amalize." Jamaa wengine nao wakamsamehe kijana kwa miezi ile. Twasema kweli, msamaha huo ulikuwa na faida kuliko msaada wowote wa fedha.

Yalikuwapo na majaribu ambayo daftari haliwezi kuyazuia. Usiku mmoja walipokwisha kupita Makambako, dereva alilemewa na usingizi, akamwambia, "Shika usukani, huu ndio mshahara wako." Kijana hakuwa na leseni ya namna yoyote, hata ile ya kujifunza. Akajibu, "Kaka, nisamehe, sina ruhusa." Dereva aliegesha gari, akalala, lakini walipofika Tukuyu alimwacha kwa safari mbili, akachukua utingo mwingine. Hizo ni siku kumi pasipo posho. Kijana alirudi Kisiba kwa huzuni, akauliza kama amefanya upumbavu. Tulimwambia kwamba usukani ni chombo cha kazi, haulipi deni la mtu. Na kwamba lori lenye shehena likimshinda mwanafunzi katika giza, watakaolipa ni watu waliolala ndani ya basi linalokuja mbele yake.

Mara nyingine turubai liliibwa njiani, naye akakatwa posho yote ya safari. Yafaa wasomaji wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Tena haimruhusu kumkata fedha kwa ajili ya kitu kilichopotea isipokuwa kosa ni la mfanyakazi huyo, naye amekwisha kuelezwa deni kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea. Na makato yasizidi robo ya ujira. Lakini utingo wetu hakuwa na karatasi yoyote. Asiye na karatasi hushindwa hata kusema ameajiriwa na nani.

Kwa ajili ya mambo hayo miezi kumi ikawa kumi na mitatu. Hata hivyo fedha zilitimia. Alisoma, akapimwa na polisi, akapata leseni ya magari ya mizigo. Sasa anaendesha lori dogo kati ya Tukuyu na Mbeya. Hajatajirika, mshahara wake bado ni wa kubana matumizi. Lakini una tarehe, una karatasi, nao hutoka mkononi mwa mwenye gari.

Basi, wazazi wenzetu, mtoto akitaka kujifunza lori msimkataze, wala msimsifu upesi. Ujira mdogo wa mwanagenzi twaweza kuuita ada, na ada hulipwa kwa moyo. Lakini ada isiyo na kikomo ni utumwa. Mwulizeni ni nani amlipaye, ni kiasi gani, na mwisho wake ni lini. Kisha ninyi mlio nyumbani mwacheni kwanza ashibe, ndipo mumwombe chumvi.

Nanyi madereva mliokwisha kuiva, kumbukeni usiku mliolala juu ya mizigo. Kijana awekaye kigingi nyuma ya gurudumu lenu ameshika uhai wenu mkononi. Haifai mkono huo utetemeke kwa njaa.