Kiti cha Kipimo Changu

Huku kwetu Kenya, ambako hata mtoto wa shule ya msingi huwataja wakimbiaji wa marathoni kama anavyowataja majirani zake, kila ninapotambulishwa kama mwanariadha huulizwa swali lile lile: mbona nyinyi wa viti vya magurudumu mnamaliza mapema kuliko wao? Ni kweli tunamaliza mapema. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35. Marcel Hug wa Uswisi alikuwa ameumaliza umbali huo huo mjini Oita, Japani, mwaka 2021, kwa saa 1:17:47, yaani zaidi ya kilomita 32 kwa saa. Kabla sijafungua kinywa, aliyeniuliza hujijibu mwenyewe: "Aa, nyinyi mna magurudumu."

Magurudumu hayajisukumi. Kiti cha mashindano hakina injini, hakina gia wala mnyororo. Sheria imeyapima magurudumu ya nyuma yasizidi kipenyo cha sentimita 70, la mbele lisizidi 50, na kila upande rimu moja tu ya kusukumia. Kilichobaki ni bega, pumzi, na jinsi mwili unavyokaa ndani ya kile kiti. Hilo la mwisho ndilo lililotawala maisha yangu ya kazi.

Polio ilinipata kabla sijajua kusimama. Mikono yangu ilishika kazi ya miguu mapema: kwanza kutambaa, kisha magongo, kisha baiskeli ya kuzungusha kwa mikono niliyoiendesha Makupa, Mombasa, nikiwa na mizigo ya watu. Nilipofika kwenye riadha mabega yalikuwa tayari. Kiti ndicho kilichokosekana.

Cha kwanza kilitoka Ulaya, msaada, kimetumiwa na mtu mzima mwenye mwili mkubwa. Kilikuwa kizuri kwa macho, kirefu, chepesi, alumini tupu. Nilipoingia, nyonga zangu zilicheza huku na huku. Fundi wangu wa baiskeli pale Majengo alinitazama nikisukuma mara chache tu, akasema, "Mwanangu, mwenye kiti hiki bado yumo ndani. Wewe umepanda mgongoni mwake." Tukajaza sponji za magodoro pembeni, tukafunga mikanda, nikaenda nacho mashindanoni hivyo hivyo kwa miaka.

Ni vigumu kumweleza asiyesukuma. Sisi huwa tumepiga magoti ndani ya kiti, miguu imekunjwa chini ya mwili, kifua kimelala juu ya mapaja, uso karibu na lami. Rimu hatuishiki. Tunaipiga kwa glavu ngumu, tunaifuata kwa kishindo mpaka chini, tunaiachia, mikono inarudi juu nyuma ya mgongo. Mwili ukiteleza hata kidogo, ngumi inafika imechelewa, na nguvu iliyokusudiwa kwenda barabarani inaishia kwenye sponji. Katika mbio za mita 1,500 mwenzako hahitaji zaidi ya hapo kukuacha.

Glavu nazo zina habari zake. Mwanzoni nilivaa za ngozi, nimezizungushia plasta tabaka juu ya tabaka, na kila jioni vidole vilikuwa vidonda. Baadaye mwenzangu kutoka Afrika Kusini alinionyesha zile za plastiki inayolainika kwa maji ya moto. Unachemsha sufuria, unaitoa ikiwa laini mfano wa unga uliokandwa, unafinyanga juu ya mkono wako uliokunja ngumi, unasubiri ipoe. Mke wangu aliniachia jiko Jumapili nzima. Glavu zile zilikuwa kitu cha kwanza katika kazi yangu kilichofuata umbo langu mimi, na mara moja nikasikia tofauti: mlio wa pigo ulikuwa mmoja, mkavu, kulia na kushoto sawa. Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba kiti nacho lazima kikatwe kwa vipimo vyangu.

Kilinigharimu bei ya pikipiki kadhaa za bodaboda. Ndugu walichanga, msikiti ulichanga, mwajiri mmoja akaongeza. Nilipimwa upana wa nyonga, urefu wa paja, kifua, mkono kutoka begani. Nilipoingia mara ya kwanza nilibanwa kila upande, hata nikashindwa kujigeuza, na nilifurahi mno. Asubuhi baada ya swala ya alfajiri, barabara ya Mama Ngina ikiwa bado tupu, kiti kilikwenda kila nilipoegemea, bila kubishana nami.

Nilimfikiria sana Bob Hall wakati huo. Naye aliugua polio utotoni. Mwaka 1975 aliomba kushiriki Boston Marathon, akaahidiwa cheti akimaliza chini ya saa tatu, akamaliza kwa 2:58. Baadaye akageuka kuwa mtengenezaji wa viti vya mbio. Kwangu hilo la pili ni kubwa kama la kwanza. Mbio zile zilifungua mlango, lakini wengi wetu tuliupita kwa sababu kuna watu waliokaa karakanani wakikata mabomba kufuata miili ya wenzao.

Oita nilikwenda na kiti changu hicho kipya. Mbio hizo zilianza 1981, zimepangwa kwa ajili ya viti pekee. Humo barabarani hatumfuati mkimbiaji yeyote. Nilijipenyeza katika kundi la pili. Kwenye kundi unajificha upepo nyuma ya mwenzako, gurudumu lako la mbele likikaribia kugusa yake ya nyuma, kisha zamu yako inafika unatoka mbele na kuwabeba wengine. Kwa miaka yote niliyokuwa ndani ya sponji, zamu ya mbele ilinivunja. Siku ile niliishika, nikaiachia, nikaishika tena, na kundi halikunitoka. Hakuna medali niliyopata iliyonipa raha ya zamu zile.

Mabega yamechoka sasa. Daktari amesema, nami nimekubali. Ninafundisha vijana, na kazi yangu ya kwanza kwa kila anayekuja ni kutoa utepe wa kupimia. Anayetaka kutuletea kiti namwomba anipigie simu kabla hajakisafirisha, nimpe vipimo vya mtoto atakayekikalia. Wengine hukubali. Wengine hutuma walicho nacho, nami hukaa na msumeno pamoja na fundi wa kuchomelea alumini tukipunguza upana. Binti mmoja amenenepa mapaja tangu mwaka jana, na kiti tulichomkatia kimeanza kumchubua pembeni. Anahitaji kingine kabla hajaenda mashindanoni Nairobi, na vipimo vyake ninavyo mfukoni.