Bei ya zamani ya hisa inatuambia nini

Jamaa waliohamishwa hapa Kolwezi huniuliza: bei ya hisa kule London inatuhusu nini? Mimi naisoma kama kalenda. Glencore, mwenye sehemu kubwa ya KCC, aliingia sokoni London Mei 2011 kwa peni 530 kila hisa. Tarehe 28 Septemba 2015 ikashuka chini ya peni 70. Mwezi uleule KCC ilisimamisha uzalishaji. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka.

Basi ndugu zangu, mnapojadili fidia na kampuni yoyote, msitazame bei ya leo peke yake. Kijana mwenye simu afungue bei za miaka kumi, mtafute mwaka mliopimiwa nyumba. Hisa ikipanda, si pesa iliyo mkononi. Lakini mtu akiwaambia “mwaka ule hatukuwa na kitu”, mtakuwa na la kumuuliza.