Malaba na Busia: Nchi ya Wimbi na Mirija

Wasafiri wengi waendao Uganda huijua Malaba kwa malori tu. Hufika kwa haraka, hupigiwa muhuri, huvuka mto, wala hawakumbuki walichokiona. Watu husafiri mpaka Bordeaux katika Ufaransa, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007, wakakaa siku nyingi kutazama majumba ya kale na kuonja divai polepole. Nchi yetu ya Wateso nayo yastahili kuendewa vivyo hivyo.

Katika likizo yangu nilikaa Malaba siku tatu, kisha Busia siku mbili. Asubuhi isiyo na mawingu, mwamba wa Tororo huonekana ng'ambo umesimama peke yake. Upande wetu, katika vilima vya Chelelemuk, liko jabali la Kakapel lenye michoro ya watu wa kale. Wataalamu waliochimba hapo walitangaza mwaka 2024 kwamba wameona kunde za yapata miaka 2,300 iliyopita, na wimbi wa miaka isiyopungua 1,000.

Basi, wimbi ndio zabibu za huku. Unga wake hukandwa, hufukiwa shimoni siku kadhaa uchachuke, hukaangwa, huanikwa juani, kisha huchanganywa na kimea na maji. Pombe hiyo huitwa ajono. Hutiwa chunguni, huongezwa maji ya moto, na wazee hukizunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala mtu hanywi chungu kimoja na mama mkwe wake. Chungu ni baraza, nacho kina adabu zake.

Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mpaka ulipohamishwa, Wateso walibaki pande zote mbili. Huko Malaba ni mto ugawao, na Busia ni mstari tu, nayo miji ya pande mbili hata jina ni moja. Zamani msafiri alikaguliwa mara mbili; lakini mwaka 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, na sasa husimama mara moja.

Jambo hilo ni jema kwa biashara. Lakini kadiri mpaka unavyokuwa mwepesi, ndivyo mgeni apitavyo upesi zaidi. Na wimbi una kazi nyingi, kuupalilia kwa mkono na kuuvuna kwa kisu suke baada ya suke. Vijana wakiona kwamba fedha ziko barabarani tu, nani ataulima?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika Malaba usivuke siku hiyo hiyo. Lala usiku mmoja, uliza habari za Kakapel, nunua kibaba cha wimbi sokoni. Nawe mkulima, usiung'oe wimbi wako kwa kuwa wapitao hawausifu. Ulikuwapo kabla ya mpaka.