Mama, Mtoto Mchanga na Sinema

Methali yasema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Katika kazi hiyo watu huhesabu maziwa, nguo, homa na usiku wa kukesha. Ni wachache wanaohesabu jambo jingine, nalo ni upweke wa mama. Mtoto akizaliwa, baba hupongezwa na rafiki zake, kisha hurudi katika desturi zake za zamani. Mama naye hufungiwa mlango polepole, wala hapana mtu asemaye kuwa amefungiwa.

Karani mmoja wa Nairobi na mkewe walikuwa na desturi ya kwenda sinema kila mwisho wa mwezi. Walipopata mtoto, bwana aliendelea kwenda pamoja na wenzake wa ofisini, na kila aliporudi alimsimulia mkewe yale aliyoyaona. Mtoto alipotimiza miezi saba, mkewe alimwambia kwa upole, "Baba mtoto, mwana huyu ana wazazi wawili, lakini anayekosa sinema ni mmoja."

Bwana alijibu kwamba sinema si mahali pa mtoto mchanga. Atalia, na watu waliotoa pesa zao watakasirika.

"Akilia, mmoja wetu atamtoa nje," mkewe akasema. "Lakini nisiwe mimi kila mara."

Basi walichagua siku ya Jumamosi asubuhi, wakati ambapo watu ni wachache, wakaketi ukingoni karibu na mlango. Taa zilipozimwa, mama alimnyonyesha mtoto, naye akalala. Nusu saa haijapita, picha ikatoa mshindo mkubwa wa bunduki. Mtoto akashtuka, akaangua kilio. Mtu mmoja wa mbele aligeuka na kutazama kwa ukali, mwingine akafyonza. Mama alikuwa amekwisha kushika mkoba wake ili atoke, lakini bwana alimchukua mtoto, akajitwika leso begani, akaenda zake nje.

Huko nje alitembea huku na huko kwa muda wa karibu saa nzima. Alibadilisha nepi, akambembeleza mtoto, akavumilia macho ya vijana waliosimama kununua tiketi. Aliporudi kitini, picha ilikuwa karibu kwisha. Njiani kwenda nyumbani ni mkewe aliyesimulia hadithi, tangu mwanzo hata mwisho, na bwana ndiye aliyeuliza maswali. Ndipo alipofahamu jinsi ilivyo kupewa habari za sinema kwa mdomo wa mtu mwingine kwa miezi saba.

Katika shauri hili kila upande una haki yake. Aliyelipa tiketi ana haki ya kusikiliza kwa utulivu, na mama naye ana haki ya kuketi pamoja na watu. Ugomvi hutokea pale ambapo hapana mpango wowote uliofanywa kwa ajili yao wote wawili.

Mipango ya namna hiyo si migeni duniani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya kutengeneza picha za mafunzo kwa Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na picha hizo zilichukuliwa kwa lori hata Kenya na Uganda. Katika maonyesho ya uwanjani namna ile mtoto mgongoni mwa mamaye hamuudhi mtu, kwa kuwa hapana kuta za kurudisha sauti, na aliaye huondolewa hatua chache tu. Unguja nako, katika miaka ya 1950, palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na picha za Kihindi zilipendwa mno. Wenye majumba walitambua kwamba wakipanga saa ya kufaa, watapata watu ambao vinginevyo wangekaa nyumbani.

Huko Marekani, Bwana Richard Hollingshead alifungua sinema ya kutazamwa kutoka ndani ya motokaa, tarehe 6 Juni 1933, karibu na Camden katika New Jersey. Katika matangazo yake alikaribisha jamaa yote, hata watoto wawe na kelele namna gani. Sinema ya aina hiyo ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Na katika Uingereza wa siku hizi, majumba ya Picturehouse yana maonyesho yaitwayo Big Scream, kwa wazazi wenye watoto wasiotimiza mwaka mmoja. Taa hazizimwi zote, sauti hupunguzwa, na mtoto akilia hapana ageukaye, kwa maana karibu kila kiti kina mtoto wake.

Hata hivyo yafaa kuangalia afya ya mtoto. Tundu la sikio lake ni dogo, na kwa sababu hiyo sauti kali humpata kwa nguvu zaidi kuliko mtu mzima. Afadhali kumfunika masikio kwa vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kuziepuka picha za vita. Tena, mwaka 2019 Shirika la Afya la Dunia lilitoa shauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya picha, na wa miaka miwili hata minne asizidishe saa moja kwa siku. Maana yake ni kwamba mtoto mchanga hapelekwi sinema ili atazame. Huchukuliwa kwa kuwa ananyonya na hawezi kuachana na mamaye, na lililo bora ni alale kifuani, uso wake ukielekea mbali na picha. Yule aliyekwisha kutembea ana shauri jingine, maana huogopa ayaonayo na huchoka kuketi. Huyo na aachwe kwa bibi yake au kwa yaya.

Mwenye jumba akitenga asubuhi moja katika juma, akapunguza sauti na kuacha taa chache, hatapata hasara, kwa sababu saa hizo viti vyake vingi huwa vitupu. Wazazi nao na wapatane kabla ya kununua tiketi, wala si gizani wakati kilio kimekwisha kuanza. Mtoto akilia, haki ya majirani ni kwamba atolewe mara moja. Lakini anayetoka naye asiwe siku zote mtu yule yule.