Nilivyorudi Jukwaani

Namshukuru Mungu kwamba naandika haya nikiwa mzima, maana ulikuwapo wakati sikutegemea. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, wala siyo wa filamu. Namwandikia zaidi dada ambaye yuko kwenye kikundi sasa hivi, anayerudi nyumbani usiku huku akiogopa mazoezi ya kesho.

Maigizo niliyapenda tangu shuleni. Tulicheza Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na sisi wasichana tukagombania nafasi mbili tu, mke wa Kaizari na mke wa Brutus. Wavulana wakabaki na Roma nzima. Mwalimu wetu alituambia kwamba enzi za Shakespeare hata hizo mbili zilichezwa na wavulana waliovalishwa magauni, kwa kuwa majukwaa ya Uingereza hayakuwapokea waigizaji wa kike mpaka mwaka 1660 au karibu na hapo. Tulicheka sana. Tukaona sisi tumeshavuka.

Nilimaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vikundi vya sanaa Dar es Salaam vilikuwa vimeshamiri. Mwisho wa wiki watu walijaa kwenye kumbi na baa kuangalia ngoma, taarabu, sarakasi, vichekesho na igizo, vyote kwa kiingilio kimoja. Nikajiunga na kikundi. Baba alikasirika. Kwake yeye msichana anayecheza baa ni malaya, basi. Mama hakubishana naye mbele yangu. Alinisindikiza mpaka stendi, akaniombea, akaniambia hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alisemwa. Alikuwa akiuza vyungu huko Unguja, lakini mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Mama aliupenda ule wimbo wa Siti kuhusu Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Wakati ule niliuona ni wimbo wa zamani tu.

Kwenye kikundi hatukuwa na maandishi. Kiongozi anasimulia kisa, anagawa nafasi, kila mmoja anajaza maneno yake. Ukisikia hivyo utadhani wanawake tulijisemea tulichotaka. Wapi! Mwisho wa kisa ulishapangwa: mke mkorofi anapigwa, mama mkwe anaumbuka kwa uchawi, msichana anapata mimba na ukumbi unacheka. Na kabla ya igizo tumeshacheza ngoma, jasho halijakauka. Posho zikigawanywa, wanaume wanazidishiwa kwa sababu wana familia. Mwenzetu aliyekuwa akilea watoto peke yake aliuliza siku moja, "Na mimi nina nini?" Watu wakaangua kicheko, wakadhani ni kichekesho.

Baada ya muda nikapewa nafasi kubwa. Watazamaji wakawa wananitunza. Ndipo kiongozi mmoja akaanza kuniita peke yangu. Akasema nafasi ile haitolewi bure. Nilikuwa mke wa mtu. Nikakataa. Akacheka, akaniambia nitarudi mwenyewe.

Sikurudi. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Nikatolewa kwenye ngoma. Siku ya posho jina langu halikusomwa. Kisha yakaanza maneno, kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata. Maneno yakafika nyumbani. Nilikuwa na mimba. Mume wangu akaniuliza ni ya nani.

Akaondoka.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Kodi ilikuwa imelala miezi. Niliuza vitenge vya ngoma. Nikauza na kitanda. Usiku mmoja mtoto akapata homa. Anachemka. Halii tena. Sina nauli, na daladala zimeshalala. Nilimfunga mgongoni nikatembea. Sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa napapasa mguu wake kila mara nione kama unajikunja. Hospitali wakasema ni malaria, wakampokea. Nilikaa kwenye benchi. Nikamwambia Mungu anichukue mimi, amwache yeye. Halafu nikaogopa. Nilikuwa nimemaanisha.

Kulipopambazuka mtoto akanyonya.

Sijui nani alimpelekea shangazi habari, lakini alikuja na uji na khanga kavu, na tulipotoka pale tukaenda kwake moja kwa moja. Kaka yangu alilipa deni la kodi, hakuuliza neno. Baba hakuja. Alituma gunia la mchele, na kwetu gunia la mchele ni sawa na barua ndefu.

Muda mrefu nilipita njia ya mbali ili nisisikie ngoma za ukumbi ule. Nikauza maandazi. Nikaimba kanisani, safu ya nyuma. Kisha dada mmoja, mwigizaji aliyenizidi umri, akaniletea kitabu cha tamthilia, Nguzo Mama cha Penina Muhando, cha mwaka 1982. Mwandishi ni mtu wa mkoa wetu wa Morogoro, amesomesha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu Hatia mwaka 1972 alikuwa akiandika. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo yao. Haisimami. Kwanza nilikasirika, nilitaka isimame. Nilipokisoma tena nikalia, kwa sababu hakuna aliyenidanganya. Na mwisho wa kisa hiki haukupangwa na yule mtu aliyeniita peke yangu.

Mwaka 1996 huyo Penina, ambaye sasa anaitwa Profesa Mlama, pamoja na Profesa Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Baadaye, kupitia shirika la FAWE, mpango huo ukafika nchi nyingine za Afrika. Yule dada alinipeleka kusaidia nyimbo na ngoma kwenye shule moja. Wasichana wanakaa, wanataja wenyewe yanayowasumbua, wanayatengenezea igizo, wanalicheza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha yanajadiliwa. Siku ile binti mwembamba alicheza mwanafunzi aliyeitwa ofisini peke yake. Hakupiga kelele. Alisema tu maneno aliyoambiwa, moja baada ya jingine. Hakuna aliyecheka. Nilitoka nje nikashika ukuta. Mimi mtu mzima sikuwahi kuyasema yale hata kwa mama.

Jioni ile nikamwambia mama. Alinyamaza, akanishika mkono, akasema, "Tuombe." Tukaomba.

Kurudi jukwaani kulichukua muda, na kwa posho kidogo. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria mpya ya kuzuia na kupambana na rushwa, na kifungu cha 25 kikaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Niliposikia redioni nilikuwa nakanda unga. Nikaacha kukanda. Miaka yote ile nilidhani jambo langu halina jina.

Uoga haujaisha, nisikufiche. Mpaka leo mwanamume akisema "baki kidogo tuongee," tumbo linanikaza, hata akiwa mchungaji. Lakini sasa naongoza kikundi kidogo, na posho inasomwa mbele ya watu wote. Mwenye mimba hapotezi nafasi yake; kisa kikimtaka mtu mwembamba, tunabadilisha kisa. Hakuna anayeitwa peke yake kwa habari ya nafasi.

Na wewe, kama yanakupata sasa, mwambie mtu mmoja leo, shangazi, kaka, mama wa kanisani. Andika tarehe na maneno aliyokuambia. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Na ukikosa pa kuchezea, sisi mazoezi ni Jumamosi asubuhi. Njoo na mtoto, wapo wa kumshika.